Sikio Lililobaki Iringa

Kama umeambiwa leo kwamba una kifua kikuu, na uliporudi nyumbani umekuta kikombe chako kimetengwa peke yake dirishani, maneno haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si mganga. Siwezi kukueleza ugonjwa huu unaingiaje wala unatokaje. Ninachokijua ni kukaa kwenye benchi kusubiri jina lako liitwe, na kulala chumba kimoja na watu wengi usiwe na wa kuzungumza naye. Nilisoma hadi darasa la nne, na mwandiko wangu si mzuri, lakini mkono hautetemeki tena. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Naitwa Zuhura binti Hamadi. Baba yangu alitoka Bagamoyo akiwa kijana, akawafuata watu wa dhahabu wa Lupa akiwauzia kanzu na vitambaa, mwisho akatulia Mbeya, nami nikazaliwa hapo. Mume wangu, Athumani, ni fundi cherehani. Anashona barazani kwenye duka la Mhindi mmoja mjini. Tuliishi na mama yake, Bi Mwanahawa, na mtoto wetu wa pekee, Rajabu, ambaye nilipoanza kuzidiwa ndiyo kwanza alikuwa anasimama dede.

Kikohozi kilinianza mvua zilipokuwa zinakatika. Mbeya ni mji wa baridi, kila mtu hukohoa, kwa hiyo sikujali. Nilichoma vitumbua vyangu asubuhi kama kawaida nikavipeleka Mwanjelwa kuuza. Ilipofika baridi ya mwezi wa sita nikawa siwezi kupanda kilima cha kurudi nyumbani bila kukaa chini njiani. Nguo zikaanza kunipwaya. Nikifunga kanga kiunoni, inashuka. Jasho lilinitoka wakati wenzangu wamejikunyata ndani ya mablanketi. Halafu asubuhi moja, nikiwa natwanga mchele wa vitumbua na Rajabu nimembeba mgongoni, nikakohoa, nikaona damu kwenye upindo wa kanga.

Bi Mwanahawa aliiona kabla sijaificha. Hakupiga kelele. Alikuja nyuma yangu, akamfungua mtoto mgongoni, akaingia naye chumbani kwake.

“Kuanzia leo atalala kwangu,” alisema kutoka mlangoni. “Usinielewe vibaya, mwanangu. Nimezika dada zangu wawili kwa kikohozi hicho.”

Sikumlaumu wala simlaumu. Lakini maziwa yalinijaa kifuani hadi nikashindwa kuinua mikono, na Rajabu alilia upande wa pili wa ukuta, akachoka, akalala, akaamka akalia tena.

Athumani akanipeleka hospitali. Benchi lilikuwa limejaa hadi nje, wengine wameketi kwenye nyasi na watoto wao. Mganga aliyenipima alikuwa amepima watu tangu alfajiri, macho yake mekundu. Alinigonga mgongoni kwa vidole, akasikiliza, akaniambia niteme makohozi kwenye kopo, tukaambiwa turudi siku nyingine. Tuliporudi alisema, “Hapa sina mahali pa kukuweka. Tutakuandikia uende Iringa. Kuna wodi ya kifua, na kuna sindano.”

“Atakaa muda gani?” Athumani aliuliza.

“Mwaka. Labda na zaidi.”

“Mwaka mzima? Bwana mganga, ana mtoto mdogo huyu.”

“Ndiyo maana nampeleka,” alisema, akaita jina la anayefuata.

Dawa ilikuwa ya bure. Nilisikia hilo likisemwa kwa fahari, nami silipingi. Lakini nauli, blanketi, sabuni, sukari, na siku ambazo cherehani ya Athumani ingekaa kimya, hivyo havikuwa vya bure. Ndiyo sababu nilikwenda peke yangu. Kama angenisindikiza hadi Iringa, nyumbani wangekula nini? Alinifikisha kwenye basi, akapandisha mzigo wangu juu, akasimama mbali kidogo na dirisha langu. Mama aliyeketi karibu nami alinisikia nikikohoa, akachukua kikapu chake akahamia kiti cha mbele. Tulipopita Uyole nilikuwa bado nimegeuza shingo nyuma, ingawa hapakuwa na cha kuona tena ila vumbi. Basi nikasafiri hadi Iringa na kiti kizima peke yangu.

*

Hospitali yenyewe sitaitaja. Waliokuwamo walifanya kazi kwa uwezo wao, na uwezo wao ulikuwa mdogo kuliko kazi.

Wodi yetu wanawake ilikuwa jengo refu lenye baraza, nje ya mji, mahali penye upepo mwingi, maana waliamini hewa ni nusu ya dawa. Vitanda vilijaa, na kati ya kitanda na kitanda kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka kulikuwa na mtu. Mimi nilianzia mkekani. Nilipata kitanda baada ya mwenyewe kufariki, nikakilalia shuka lake likiwa bado halijakauka vizuri kwa kufuliwa.

Aliyetuhudumia kila siku ni dresa mmoja, Bwana Nyagawa, Mbena wa Njombe, mtu mrefu aliyetembea haraka hata koti lake jeupe likawa linapepea nyuma. Kazi ya dresa ni kufunga vidonda. Lakini yeye alichoma sindano, akagawa vidonge, akapima homa, akaandika majina, na mtu akifa alishika upande mmoja wa machela. Muuguzi alikuwapo, ila aligawanyika kati yetu na wodi ya wazazi, na mtoto akitaka kuzaliwa hasubiri. Daktari, Mzungu mwenye mvi, alikuja mara moja kwa juma. Siku nyingine alikuwa njiani, akihudumia hospitali nyingine na zahanati zilizoko mbali huko. Tulimsubiri kama watu wanavyosubiri mwezi uandame.

Asubuhi sindano za kioo zilichemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, tukapanga mstari. Mwanzoni nilijikaza. Baada ya majuma machache matako yangu yakawa magumu kama ngozi ya ngoma, sindano ikaingia kwa kusukumwa. Nililala kifudifudi mchana kutwa. Kopo la makohozi lilikaa chini ya kitanda, na kila mtu alijua kopo la mwenzake lina nini.

Kwa kuwa wahudumu walikuwa wachache, mgonjwa aliyeweza kusimama alimhudumia asiyeweza. Tulifua mashuka, tulichota maji, tulimlisha uji aliyeshindwa kushika kijiko. Homa ilipopungua nami nikapangiwa kufua bandeji. Nakwambia hili ili usishangae ukifika ukaambiwa shika ndoo. Mimi nililia siku ile, nikadhani nimedharauliwa. Baadaye nikaona kwamba siku ya kufua bandeji ndiyo iliyopita upesi.

Kigumu zaidi ya sindano kilikuwa saa ya wageni. Wenzangu wengi walikuwa Wahehe na Wabena wa vijiji vya karibu. Ndugu zao walikuja na vikapu, baraza ikajaa vicheko na Kihehe, nami sikijui Kihehe. Nililala nikageukia ukutani. Palikuwa na ufa mwembamba kwenye chokaa, nikaujua ufa ule kuliko nilivyomjua mtu yeyote pale.

Aliyenigeuza ni jirani yangu wa kitanda, mkulima kutoka upande wa Kilolo. Mtoto wake wa kwanza aliitwa Yohana, basi sote tulimwita Mama Yohana. Alikuwa Mlutheri, mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya jembe. Kila asubuhi aliniambia, “Kamwene.” Mimi nikanyamaza kwa kutojua la kujibu. Siku moja akachoka.

“Wewe mama wa Mbeya, mdomo unauma?”

“Hapana. Sijui hujibiwaje.”

“Jibu kamwene. Basi. Ni hilo hilo.”

Nikajibu, akacheka hadi akakohoa. Siku hiyo mume wake alipomletea chakula, alikigawa bakuli mbili. Alinisogezea ya maboga, yenye nyama akaivuta kwake.

“Nyama hii kachinja mume wangu. Wewe Mwislamu, acha. Kula boga. Boga halina dini.”

Tangu hapo saa ya wageni nilikuwa na mgeni, japo hakuwa wangu. Mume wa Mama Yohana alinisalimu kwa jina. Huenda kwako ni kitu kidogo. Subiri ukae miezi bila kuitwa jina lako ila wakati wa sindano.

*

Mvua zikaja. Mwaka ule zilikuja kwa hasira. Mwezi wa pili mto ukafurika, barabara ya kutoka Dar es Salaam ikakatika, na lori lililobeba dawa likakwama huko chini, upande wa Ruaha Mbuyuni. Asubuhi moja hatukuliona jiko likiwashwa. Bwana Nyagawa alisimama mlangoni, mikono yake haina kitu.

“Jamani, dawa ya sindano imekwisha. Iliyobaki kidogo Daktari ameagiza wapewe walioanza juzi, wenye hali mbaya.”

“Na sisi wengine?” mama mmoja aliuliza.

“Tusubiri mto upungue.”

“Kifua nacho kitasubiri mto?”

Bwana Nyagawa alikwenda akaanza kupima homa, kitanda kwa kitanda, kama kwamba homa ikipimwa inasaidia.

Siku zikapita. Watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, na mikeka yao vichwani. Mama Yohana alikuwa amenenepa mashavu. Alikuwa halali tena kwa wasiwasi wa shamba lake, maana mume alimwambia majani yamekuwa marefu kuliko mahindi.

“Nakaa hapa bila sindano nafanya nini?” aliniambia akifunga nguo zake kwenye kitenge. “Napalilia, narudi. Sindano ikirudi, na mimi nimerudi. Twende wote, Mama Rajabu. Utapumzika kwangu, halafu tutakupeleka barabarani upande gari la Mbeya. Ukamwone mtoto.”

Unaona jinsi neno hilo lilivyonishika. Nikafunga na wa kwangu mzigo. Tulikuwa tumeketi barazani tukingoja mvua itulie, Bwana Nyagawa akatukuta. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliketi.

“Siwezi kuwafunga kamba,” alisema. “Na sina dawa ya kuwabakiza. Ila nasema ukweli. Hamjapona. Mnajisikia vizuri tu, na kujisikia vizuri ndiko kunakoua watu hapa. Dada Zuhura, ukiondoka, gari lako halitafika Makambako kabla mwingine hajalala kwenye kitanda chako. Ukirudi unatema damu, nitakulaza wapi?”

“Mahindi yatakula nini watoto wangu?” Mama Yohana aliuliza kwa Kiswahili chake kilichopinda pale alipokasirika. Sote tulielewa, wala hakuna aliyecheka.

“Najua, mama,” Bwana Nyagawa alisema. “Najua.”

Mvua ilipotulia Mama Yohana alikwenda. Mimi nilibaki. Usinisifu. Sikubaki kwa ushujaa, nilibaki kwa sababu miguu ilikuwa mizito na mbele yangu kulikuwa na tope. Nilimtazama hadi kitenge chake kikapotea kwenye bonde. Jioni ile kitanda chake kililaliwa na bibi kizee ambaye hakusema neno kwa lugha yoyote.

Lori lilipofika, sindano zikaanza tena.

*

Masikio yangu yalianza kulia Ramadhani ilipoingia. Ulikuwa mlio kama wa nyenje, mwembamba, usiokoma. Mwanzo nilidhani nyenje wako nje. Nikitembea, sakafu ilinikimbia, nikashika ukuta kama mlevi. Daktari alikuwa amenikataza kufunga, basi nilikula mchana nikiwa nimejifunika shuka, Mwislamu peke yangu katika wodi nzima, nikimwomba Mungu anisamehe. Siku ya Idi nilivaa kanga yangu safi, nikaketi barazani. Hakuna aliyejua ni Idi. Nilijiambia mwenyewe Idi Mubaraka kwa sauti, na sauti yangu ikanijia kutoka mbali, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Nilimwambia Bwana Nyagawa akiwa na sindano mkononi. “Masikio yananilia.”

“Dada, kila mtu hapa analia na kitu,” alisema, akanichoma, akaita mwingine. Nyuma yangu mstari ulifika mlangoni. Sikumchukia, ila nilikaa kimya baada ya hapo, na ninyi msikae kimya. Semeni tena. Mseme hata mara ya kumi.

Aliyegundua ni Daktari. Aliniuliza swali akiwa nyuma yangu, anasikiliza mgongo, nami sikujibu. Akauliza tena. Akazunguka mbele, akanitazama. Alitoa saa yake ya mfukoni, akaiweka kwenye sikio langu la kulia, kisha la kushoto. Kushoto niliisikia kwa mbali. Kulia niliuona mkono wake tu.

Aliketi kitandani, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida, akasema polepole kwa Kiswahili chake cha kizungu, na Bwana Nyagawa akirudia kwa nguvu pale niliposhindwa.

“Hii ni kazi ya sindano. Kwa watu wengine inafanya hivi.”

“Itaacha?”

“Kilichokwenda hakirudi.”

“Basi nipeni dawa nyingine.”

Alimtazama Bwana Nyagawa. “Kuna vidonge. Ninavyo vichache mno, na peke yake sina hakika navyo. Tukiacha sindano sasa, kifua kinaweza kurudi na nguvu. Tukiendelea, masikio yanaweza kwenda yote. Nitapunguza, utachomwa siku moja, siku moja utapumzika, pamoja na vidonge. Zaidi ya hapo sina. Sema wewe mwenyewe.”

Sikuwa na wa kuuliza. Mume yuko Mbeya, mama yangu yuko kaburini, Mama Yohana yuko shambani kwake. Niliwaza sauti ya Rajabu. Alikuwa bado hajaanza kusema nilipomwacha, ila kubabaika tu. Nikajiambia, mtoto anahitaji mama aliye hai kwanza.

“Nichomeni,” nilisema.

Bwana Nyagawa aligeuka akashughulika na trei yake muda mrefu. Kesho yake, kabla ya sindano, alisimama mbele yangu, si pembeni kama zamani, akasema kwa kutamka kila neno, “Nisamehe, dada. Uliniambia, sikusikia.”

*

Barabara zilipokauka Athumani alikuja. Nilimwona kutoka mbali akipanda, amebeba kikapu, nikasahau kizunguzungu nikakimbia, nikaanguka. Alininyanyua. Tulikaa ncha mbili za benchi, kwa kuwa ndivyo wageni walivyoagizwa.

Alizungumza sana. Upepo ulikuwa unavuma, na yeye ana tabia ya kuongea akitazama viatu vyake. Nilishika maneno machache: Rajabu anatembea, mama hajambo, ila miguu inamsumbua. Mengine yalikuwa midomo inayocheza. Sikutaka ajue. Alikuwa amesafiri siku mbili kunitazama, nami nilikuwa na mifupa, matako yaliyokufa ganzi, na kichwa kilichonyonyoka nywele. Niliona nikimwongezea na uziwi, hatarudi tena. Basi alipotulia nilitikisa kichwa kukubali. Alipouliza, nilitikisa kichwa. Kuna wakati mmoja aliuliza kitu, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza, akangoja. Nikatikisa kichwa, nikatabasamu. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akanipa kikapu. Mlikuwa na halua na gauni jipya alilolishona mwenyewe kwa vipimo vya mwili wangu wa zamani.

Kwenye baridi kali, mwezi wa saba, Mama Yohana aliletwa. Walimbeba kwa machela kutoka barabarani, mume wake mbele, shemeji nyuma. Sikumtambua hadi nilipoiona mikono yake. Kitanda hakikuwapo. Bwana Nyagawa alisimama katikati ya wodi akizungusha macho, nikamwambia amlaze kwangu. Mimi nikashuka mkekani pembeni yake.

Walimwanzishia sindano siku ileile. Kwake hazikufanya kitu. Nilimwosha, nilimnywesha uji, nilimpaka mafuta miguuni. Kila asubuhi niliinama usoni mwake nikasema, “Kamwene,” na midomo yake ikajibu hilo hilo, sikuisikia lakini niliiona.

Siku ya mwisho, mchana, jua likiwa limeingia hadi kitandani, alinishika kifundo cha mkono akaanza kusema. Alisema Kihehe, tena taratibu, hana pumzi. Nilikaribisha sikio la kushoto mdomoni mwake. Nilipata joto la pumzi tu. Mume wake alikuwa amekwenda kuchota maji, hapakuwa na wa kuniambia. Nikamwangalia macho, nikashika ule mkono wa jembe, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba nimesikia, watoto watalelewa, mahindi yatavunwa. Sijui kama ndiyo aliyokuwa akisema. Alifumba macho akiwa bado amenishika.

Mume wake aliporudi na ndoo aliniuliza, kwa kutamka ili nione, “Alisema nini?” Nikamwambia ukweli kwamba sikuweza kumsikia. Alikaa chini sakafuni, akanywa maji ya ile ndoo kwa kiganja, akamnawisha mkewe uso.

*

Waliniruhusu mvua za kwanza zilipodondoka. Picha ya kifua ilionyesha kovu, makohozi yakawa safi. Bwana Nyagawa alinipa vidonge vya kuendelea navyo, akanisindikiza hadi kwenye mti ambapo basi husimama, koti lake likipepea. Nilisikia mngurumo wa gari miguuni, kwenye ardhi, kabla ya kitu kingine.

Mbeya nilimkuta Bi Mwanahawa ameketi uani, miguu imevimba. Alinikumbatia. Kikombe changu nilikikuta pamoja na vikombe vingine. Nikaingia chumbani, nikatoka, nikazunguka nyuma ya nyumba.

“Rajabu yuko wapi?”

Athumani alinitazama kwa mshangao. Alisema kitu akiangalia chini. Nikamshika bega. “Niangalie, Athumani. Sisikii. Sema ukiniangalia.”

Hapo ndipo alipojua. Na hapo ndipo nami nilipojua. Siku ile kwenye benchi aliniambia mama hawezi tena kumkimbilia mtoto, akauliza kama nakubali Rajabu apelekwe Tukuyu kwa wifi yangu Mwajuma hadi nipone. Nami nilitikisa kichwa, nikatabasamu.

“Nilishangaa,” alisema, machozi yakimtoka. “Nilidhani utakataa. Nilimwambia mama, Zuhura ana moyo wa jiwe au ana moyo wa dhahabu, sijui ni upi.”

Nakuomba, wewe unayeanza safari hii, usikubali kwa kichwa jambo ambalo hujalisikia. Sema sisikii. Aibu yake ni ya siku moja.

Tulipanda gari la Tukuyu siku ya pili yake. Wifi Mwajuma alikuwa amemlea vizuri, mwili umemjaa, anakimbia kati ya migomba. Nilipiga magoti, nikafungua mikono. Alinipita akaenda kushika miguu ya Mwajuma, akauficha uso. Niliiona midomo yake ikisema “mama”, na hakuwa ananiambia mimi. Mwajuma hana mtoto. Alimbeba hadi kwenye gari, akanikabidhi, akageuka akaondoka kabla gari halijawaka. Sijasahau mgongo wake.

Nyumbani Rajabu alinikataa majuma mengi. Alikula kwa bibi yake, akalala kwa bibi yake. Kumbe mara nyingine alinijia. Bi Mwanahawa ndiye aliyeniambia: “Anakuita kwa nyuma, humjibu. Anadhani humtaki.” Nililia siku hiyo kuliko nilivyolia Iringa. Nikamwita Rajabu, nikamkalisha mbele yangu, nikagusa masikio yangu yote mawili, nikatikisa kichwa kukataa. Nikagusa macho yangu, nikamwonyesha midomo yake. Aliniangalia kidogo, akakimbia kumfukuza kuku. Miaka miwili ya mtoto, ataelewa nini?

Basi juzi nilikuwa nimechuchumaa uani nachambua mchele, jiko liko nyuma yangu. Nikahisi vidole vidogo vyenye unyevu vimenishika kidevu. Vikanigeuza uso, kwa nguvu, kama mtu anayefungua mlango mzito. Rajabu alikuwa amesimama pua yake karibu inagusa yangu, amekunja uso, akafungua mdomo wake wazi ili nione vizuri.

“Mama! Uji!”

Ulikuwa umechemka unamwagika jikoni, mvuke umetanda uani. Sikuinuka. Niliendelea kuitazama ile midomo, naye akiwa bado amenishika kidevu, akarudia neno moja moja, akidhani sijaelewa. Uji ulimwagika wote, ukauzima na moto.